Shingo ya Rumyana

Kama kamati ingekikubali kiti chake cha umeme, Rumyana angebaki nyumbani. Kama ingekikataa, angepelekwa kwenye makao ya walemavu kule bondeni, mwendo wa nusu siku kwa basi, na Jumatatu mumewe Milko angeondoka vilevile kwenda Ujerumani kuendesha malori. Mambo haya yalikuwa yameshasemwa mezani, mbele ya mtoto, kwa sauti ileile ambayo watu huulizana kama chumvi imetosha. Hakuna aliyelia. Kilio kilikwisha mwaka juzi, Rumyana alipoanguka kutoka kwenye mti wa mcheri akavunjika shingo. Tangu hapo alichobaki nacho kilikuwa kichwa, na bega la kushoto lililoweza kuinuka kidogo tu.

Asubuhi ya majaribio mama mkwe wake, Tsonka, alimchana nywele kwa nguvu kama anayeparua samaki.

"Polepole, mama," Rumyana alisema. "Nywele zenyewe ndizo hizi tu."

"Unataka uende mbele ya wakubwa kama umetoka zizini? Watu waulize, huyu mkwe wa nani?"

"Mji mzima unajua ni wa nani."

"Ndiyo maana nakuchana."

Milko alikuwa amechutama nyuma ya kiti, anakaza nyaya za betri kwa mara ya tano. Hakuwa mtu wa kupenda kuzungumza, na wiki hiyo alikuwa amepungukiwa na maneno kabisa. Kazi ya Ujerumani alikuwa ameitafuta mwenyewe, kwa sababu karakana aliyokuwa akifanyia kazi ilifungwa na pensheni ya mama yake haikutosha hata kuni za msimu wa baridi. Alijua kwamba mama yake, kwa umri wake, hana tena nguvu za kumsukuma mkwewe. Alijua pia kwamba binti yao Neda ana miaka minane, na mtoto wa miaka minane si mlezi wa mtu. Kwa hiyo alikaza nyaya.

"Leo usizungumze sana, Rumi," alisema hatimaye. "Endesha tu."

"Kwani mimi huzungumza sana?"

Tsonka na Milko walitazamana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote watatu wakacheka.

Kiti chenyewe kilibuniwa na Ralitsa, mhandisi kijana kutoka Sofia, aliyepewa kazi na halmashauri ya kuwatengenezea viti vya umeme watu kumi na wawili wa mji wetu wasio na mikono ya kuendeshea. Mtu alivalishwa ukanda kwenye paji la uso. Kichwa kikiinuka na kushuka, kiti kinakwenda. Kikitikiswa huku na huku, kinasimama. Kikilazwa upande, kinakata kona. Ralitsa alikuwa amemuuliza Rumyana siku ya kwanza kabisa angependa ishara zipi, na Rumyana, kwa kutotaka kuonekana mshamba mbele ya mgeni wa mjini, alijibu kama alivyoona kwenye filamu za nje. Ralitsa alifurahi mno, maana vifaa vilivyoagizwa vilikuja vimepangwa hivyohivyo.

Wakafanya mazoezi uani majira yote ya kuchipua. Ralitsa alitoa amri, Rumyana alitii, majirani walitazama kutoka dirishani. Mazoezi yakiisha ukanda ulivuliwa ili betri isiishe. Mambo yalikwenda vizuri.

Majaribio yalifanyika mbele ya ukumbi wa utamaduni, ambako halmashauri ilikuwa imejenga njia ya mteremko ya kupandia barazani. Juu ya baraza kamati ilikuwa imeweka meza, chupa za maji na vyeo vyao. Mwenyekiti alikuwa Bi. Gencheva, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, ambaye zamani alikuwa mwalimu mkuu na hakuwahi kuacha.

Rumyana alipanda mteremko bila kuyumba. Akafika juu, akasimama juu ya mstari wa chaki kama alivyoagizwa, na watu wakapiga makofi. Hata Milko alipiga. Rumyana alihisi uso unamwaka kwa furaha, furaha ya kitoto kabisa. Hapo Bi. Gencheva akainuka, akaja hadi mbele yake, akamwinamia, akapaza sauti kama anayeongea na kiziwi.

"Umechoka, mwanangu? Tukusukume kushuka?"

Rumyana akakataa. Kiti kikaruka mbele, kikampanda Bi. Gencheva kwenye kidole cha mguu.

Bi. Gencheva alipiga ukelele. Ralitsa akaita, "Simama!" Milko akaita, "Rumi, unafanya nini?" Rumyana alikataa kwa nguvu zote zilizobaki mwilini mwake, alikataa kama hajawahi kukataa kitu, na kadiri alivyokataa ndivyo kiti kilivyozidi kwenda, kikapita meza, kikaangusha chupa, kikaelekea ngazi za mbele ambazo hazina ukuta. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshaning'inia hewani Milko alipojitupa na kushika mgongo wa kiti. Rumyana aligonga paji la uso kwenye bomba la kushikia la ngazi. Damu ikamwingia jichoni, na hakuweza kuifuta.

Bi. Gencheva alikaa akavua kiatu. Akamtazama Milko, si Rumyana.

"Niambie ukweli, bwana. Huwa anaelewa anachoambiwa?"

"Anaelewa," alisema Rumyana.

"Nakuuliza wewe, bwana," Bi. Gencheva aliendelea. "Ajali kama yake wakati mwingine hugusa na ubongo. Si aibu. Lakini kuna watu kwenye foleni ya kiti hiki."

"Yuko sawa," Milko alijibu, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Leo ni woga tu. Tafadhali, mama. Mpeni nafasi moja."

"Jumamosi tunamjaribu mwingine, Gancho. Na huyu aje. Moja tu." Kisha akaongeza, akilenga watu waliosimama chini, "Tunafanya haya kwa usalama wake."

Milko alikisukuma kiti hadi nyumbani akitazama barabara tu. Rumyana angependa atukanwe.

Jikoni Tsonka alikuwa amepika supu ya maharage. Milko alisimamisha kiti mezani, akaenda uani kuvuta sigara, na kwa hasira zake hakukumbuka kumvua mkewe ukanda. Tsonka alianza kumlisha, kijiko kimoja baada ya kingine, huku akiwalaani wanakamati mmoja mmoja kwa majina na kwa majina ya baba zao.

"Ongeza kidogo," alisema.

Rumyana hakuwa na hamu tena. Alikataa. Kiti kikaruka, kijiko kikamgonga meno, bakuli likamwagika lote mapajani mwa Tsonka.

"Mtoto wewe!" Tsonka alipiga kelele akiruka. "Leo umeniamulia? Umemkanyaga Gencheva, hiyo nimekusamehe, hata nimefurahi kidogo. Sasa mimi nimekukosea nini?"

Rumyana alikuwa ametoa macho.

"Mama, niulize tena."

"Nikuulize nini?"

"Kama nataka supu."

"Supu iko kwenye sketi yangu!"

"Niulize, mama, nakuomba!"

Tsonka akamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuamini maneno ya Gencheva. Rumyana akakataa tena, makusudi, taratibu. Sisi Wabulgaria tukikataa tunatupa kichwa juu mara moja na kukirudisha, pengine na kugonga ulimi. Tukikubali tunakitikisa huku na huku. Kwingi duniani wanafanya kinyume, ndiyo maana wageni wakija sokoni kwetu huondoka na kilo za pilipili wasizozitaka. Kichwa cha Rumyana kilipanda, kikashuka, na kiti kikaenda kikagonga jiko.

"Mama mtakatifu," alisema Tsonka, akakaa chini na sketi yake iliyolowa. "Kila ukisema hapana kinadhani umesema twende."

Rumyana alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

Ralitsa alikuja siku ya pili mchana. Aliposikia habari aliufunika uso kwa mikono miwili.

"Mimi mwenyewe ni Mbulgaria, nimezaliwa Pleven," alisema. "Bibi yangu akikataa kitu kichwa chake kinagonga kabati. Nimewezaje?"

"Si wewe tu," Rumyana alisema. "Uliniuliza. Mimi ndiye niliyetaka kuwa mtu wa kwenye filamu."

"Uani ulikuwa unafuata amri zangu, ndiyo maana hatukuona. Hukuwa unaongea na mtu."

"Basi geuza," alisema Milko. "Inachukua muda gani?"

"Kugeuza si kazi. Naifanya hapahapa kwa kompyuta yangu." Ralitsa alikuwa anakwepa macho yao. "Ila kamati ilipitisha mpangilio mmoja, kwa viti vyote kumi na viwili. Nikibadilisha hata kimoja, kitahesabiwa hakijapitishwa. Na kuna Gancho. Kichwa chake kinatetemeka chenyewe huku na huku, hakiachi. Nikifanya mtikiso uwe ndio mwendo, kiti chake kitamtoa kitandani akiwa amelala."

"Gancho aende na wake, na huyu na wake," alisema Tsonka. "Kwani hata chupi huwa mnashona za saizi moja?"

"Mimi naelewa, mama. Wao wanataka kitu kimoja, wakikague mara moja, wamalize."

Milko alizunguka jikoni, akasimama dirishani, akarudi.

"Basi atajifunza," alisema. "Rumi, sikiliza. Ni kichwa tu. Kuanzia leo kifundishe. Ukikataa, kataa kwa mdomo. Kichwa kitulie."

Rumyana alimtazama. Kichwa tu, amesema, kama vile bado ana vingine vya kuchagua.

"Sawa," alijibu kwa mdomo.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Rumyana alishinda na ukanda kichwani, akijifunza kuongea huku shingo imekaza. Milko alikataza watu kumuuliza maswali. Tsonka alizoea kumuuliza mkwewe kila kitu, kuanzia unga hadi siasa, na sasa alianza sentensi na kuimeza katikati. Aliyefika na umbea wake alipokelewa mlangoni, akaongelea hapohapo. Rumyana aliweza. Siku ya pili hakugonga kitu. Siku ya tatu Milko alimjaribu kwa hila, akampigia kelele ghafla kutoka nyuma ya mlango, na kiti hakikusogea.

"Umeona?" Milko alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa kwa matumaini. "Nilikwambia unaweza."

Kweli aliweza, na alijichukia kwa jinsi alivyoweza. Mikono ilipokufa alikuwa ameanza kuongea kwa kichwa mara mbili zaidi. Kwa kichwa alitania, alinuna, alimkaribisha mtu, alimfukuza. Sasa alikaa mezani kwake kama picha ya kitambulisho.

Ijumaa alasiri Neda aliingia jikoni na mkoba wa shule. Alikuwa ameambiwa na baba yake asimsumbue mama, na alikuwa ametii mno, hata akawa haonekani.

"Naenda kucheza kwa jirani," alisema.

"Nenda, mama."

Mtoto hakwenda. Alisimama akamkagua mama yake usoni.

"Umenikasirikia?"

"Hapana," alisema Rumyana, shingo imetulia.

Neda alingoja kidogo, anaitafuta ile hapana anayoijua. Hakuiona.

"Umekasirika," alisema, akaondoka.

Rumyana alimwita. Lango lilikuwa limeshafungwa. Alitaka kumfuata, na kiti alikuwa nacho, betri imejaa, ila mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa na hakuwa na mkono wa kuufungua.

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, maana habari ya kidole cha Bi. Gencheva ilikuwa imetembea. Gancho alitangulia. Zamani aliendesha tingatinga, na ugonjwa ulikuwa umemwachia ulimi mkali na kichwa kisichokubali kutulia. Kwake mtikiso ulikuwa breki, na kila baada ya hatua chache kiti kilisimama, naye akatupa kichwa juu kukianzisha upya. Alichukua muda, lakini alipanda, akazunguka, akashuka.

"Kama gari la Kirusi," aliwaambia watu. "Linazima, linawaka, linafika."

Walicheka na kumpigia makofi. Ralitsa akaja kumfunga Rumyana ukanda.

"Geuza," Rumyana alisema.

"Nini?"

"Geuza ishara. Sasa hivi."

Milko alisikia. Aliinama hadi masikio yao yakakaribiana. "Rumi, umeshajua. Umeshaweza! Unachezea nyumba yetu."

"Nyumba unaiacha Jumatatu, Milko. Mimi ndiye nitakayebaki ndani yake."

Milko alirudi nyuma kama aliyepigwa. Rumyana alijuta palepale, lakini hakulifuta neno.

"Kuna nini huko?" Bi. Gencheva aliuliza kutoka mezani. Safari hii kiti chake kilikuwa kimewekwa mbali na mstari wa chaki.

"Naomba kiti changu kigeuzwe," Rumyana alisema kwa sauti ya kusikika hadi chini. "Mara ile sikukosa akili, mama. Uliniuliza kama nisukumwe nikakataa, kama unavyokataa wewe na kama alivyokataa marehemu mama yangu. Kiti kikadhani nimesema twende."

Minong'ono ilipita kati ya watu, na hapa na pale vichwa vikaanza kujijaribu vyenyewe.

"Mpangilio umepitishwa," alisema Bi. Gencheva. "Nasikia umefanya mazoezi na umeuzoea. Hongera. Endesha kama bwana Gancho."

"Nimeuzoea nikiwa nimetulia. Siku nikiogopa, lori likija, mtoto akinitokea mbele, shingo itafanya ya kwake. Mtu akiogopa hasemi ndiyo. Anasema hapana. Nataka hapana yangu inisimamishe."

"Na bwana Gancho?"

"Mimi niacheni na changu," alidakia Gancho. "Kichwa changu kinakubali mchana na usiku. Mkinigeuzia mimi mtaniokota Ugiriki. Lakini yeye na mimi tumeanza lini kuchangia shingo?"

Hata mwanakamati mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Bi. Gencheva alimgeukia Ralitsa. "Mhandisi, unajua ukigusa hiyo kompyuta utakuwa umekiuka mkataba wako."

"Najua," alisema Ralitsa, na tayari vidole vilikuwa vinabonyeza. Akamwambia Rumyana kwa sauti ya chini, "Kila ukikubali jambo, kitaondoka."

"Basi nitakubali machache."

Alipanda mteremko. Yale aliyojifunza wiki nzima ilibidi ayasahau kwa dakika moja, na katikati ya mteremko shingo ilichanganyikiwa, kiti kikasita, Milko akapiga hatua. Rumyana akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama anayemkubalia mtu mbishi, na kiti kikapanda. Alifika barazani. Hakusimama kwenye chaki. Aliupita mstari, akaipita meza, akazielekea ngazi zilezile. Milko alikuwa anakimbia.

Bi. Gencheva alisimama. Labda aliogopa kweli, labda ualimu ulimpanda.

"Mama weee, unakwenda wapi? Tuje tukushike?"

Rumyana alitupa kichwa juu na kugonga ulimi, hapana kubwa, ya mtaani, isiyo na adabu. Kiti kikasimama palepale ukingoni. Hakikutikisika hata kidogo. Milko alifika, akanyoosha mikono, akaona hakuna cha kushika.

Kamati iliinamiana muda mrefu. Bi. Gencheva ndiye aliyetoa jibu, huku akipangusa miwani. Kiti ni chake, kwa miezi mitatu ya uangalizi. Mhandisi ataandikiwa onyo. Hakumwomba radhi kwa yale ya ubongo, wala Rumyana hakutegemea, ila safari hii alikuwa ameongea akimtazama yeye.

Walirudi nyumbani kwa barabara ya juu, Rumyana mbele, Milko nyuma kidogo, mikono mfukoni kwa sababu hakujua aiweke wapi. Kwenye kona ya duka la mikate alimwita, naye akasimama.

"Nitawapigia wale wa makaoni," Milko alisema. "Kitanda wampe mwingine."

"Wapigie."

Alikuja akachutama mbele yake. Alikuwa amezeeka wiki ile, na Rumyana akaona kwamba anampenda bado, na kwamba anaondoka.

"Ulilosema pale, kwamba naiacha nyumba. Ni kweli. Lakini ukinikataza, siendi, Rumi. Naapa siendi. Niambie wewe. Niende?"

Rumyana alifikiria kuni za msimu wa baridi, viatu vya Neda, paa la nyuma. Alifikiria pia kwamba amemuuliza ili aruhusiwe, na kwamba wote wawili wanalijua hilo. Kwa mdomo angeweza kuongeza maneno, angeweza kulialia, angeweza kumfanya abebe hatia hadi Ujerumani. Hakutaka. Alimtazama machoni, akangoja ainuke na kupisha njia, kisha akatikisa kichwa huku na huku.

Kiti kikaondoka. Ralitsa hakuwa ametengeneza namna ya kusema ndiyo na kubaki. Kiti kilimpeleka moja kwa moja hadi langoni, na machozi yakimtiririka hadi kidevuni, mbele ya majirani wote, hakusema hapana.